Jaji aliyehukumu noti zenye sura yake mwenyewe

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria, mwaka wa pili. Juzi hosteli tulikuwa tunabishana kuhusu majaji wanaopaswa kujitoa kusikiliza mashauri. Mwenzetu mmoja akatoa mfano wa Salmon Chase, Jaji Mkuu wa Marekani karne ya 19. Anasema alipokuwa Waziri wa Fedha alitoa noti zenye picha yake, halafu alipokuwa jaji akasema noti hizo hizo zinavunja Katiba. Tulimcheka. Ni kweli? Kama ni kweli, alikuwa kigeugeu au mkweli? Na ile benki ya Chase ni yake?"

Marahaba. Mwombeni radhi mwenzenu, maana kasema kweli, ingawa kuna mahali kateleza kidogo na nitapafikia. Noti ya dola 1 iliyotolewa Marekani mwaka 1862 ilikuwa na sura ya Salmon Portland Chase, Waziri wa Fedha aliyekuwa kazini. Na tarehe 7 Februari 1870, Chase huyo huyo, sasa Jaji Mkuu, alisoma hukumu ya wengi iliyosema Bunge halikuwa na mamlaka ya kuwalazimisha watu wazipokee noti za namna ile kwa madeni yao ya zamani.

Swali la kigeugeu au mkweli ni gumu zaidi, wala hulijibu kwa kusoma hukumu ile peke yake. Inabidi umfuate mtu huyu tangu alipokuwa wakili kijana asiye na wateja.

Alizaliwa Cornish, New Hampshire, mwaka 1808. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 9, na kwa muda akalelewa Ohio na baba yake mdogo, askofu mkali aliyeitwa Philander Chase. Alimaliza chuo cha Dartmouth mwaka 1826, akafundisha shule Washington huku akijifunza sheria kwa William Wirt, Mwanasheria Mkuu wa Marekani wakati huo. Mwaka 1830 akahamia Cincinnati. (Jina lake, Salmon, ni jina la samaki. Hakulipenda kabisa, na ujanani aliwahi kufikiria kulibadilisha.) Kwa kuwa kazi zilikuwa haba, alikaa akazikusanya sheria zote za jimbo la Ohio katika vitabu 3 vikubwa. Kazi ile ilimjengea jina kwa mawakili wenzake, na nadhani ilimfundisha jambo lililomfaa maisha yake yote: kwamba kila sheria ina mwaka wake, mtunzi wake na mpaka wake.

Sasa itazame Cincinnati ilipo. Mji umekaa ukingoni mwa mto Ohio. Ng'ambo ni Kentucky, ambako wakati ule mtu aliuzwa mnadani pamoja na farasi. Upande wa huku ni Ohio, sehemu ya nchi ambayo tangu mwaka 1787 sheria ya Bunge ilikataza utumwa. Kati ya utumwa na uhuru palikuwa na maji tu, na majira ya baridi maji yakiganda hata mtumbwi hauhitajiki. Mawakili wengi wa mji ule waliishi kwa biashara na watu wa ng'ambo, hivyo hawakutaka kesi za watoro. Chase alizichukua.

Ya kwanza kubwa ilikuwa ya Matilda, mwaka 1837. Binti huyu alikuwa mtumwa, akisafiri kwa meli na mmiliki wake kutoka Missouri, mtu ambaye kwa maelezo ya siku zile alikuwa pia baba yake mzazi. Meli ilipotia nanga Cincinnati, Matilda akashuka, akapotea mjini. Alipata kazi za ndani nyumbani kwa James Birney, mwenye gazeti la kupinga utumwa, mpaka wakamataji walipomfikia.

Hoja ya Chase mahakamani ilikuwa hivi. Utumwa ni kinyume cha haki ya asili, kwa hiyo hauwezi kuwapo mahali popote ila pale ambapo sheria ya mahali hapo imeuweka. Bwana akimleta mtumwa wake kwa hiari kwenye ardhi isiyo na sheria hiyo, kamba iliyomfunga imebaki kule nyuma. Huku aliyefika ni mtu kama watu wengine. Matilda hakutoroka kutoka jimbo moja kwenda jingine. Aliletwa. Tena, alisema Chase, sheria ya Bunge ya mwaka 1793 ya kukamata watoro haina miguu, kwa sababu Katiba haikulipa Bunge mamlaka hayo popote. Ile ibara inayohusu watoro ni mapatano kati ya majimbo yenyewe.

Alishindwa. Matilda alivushwa, akapelekwa New Orleans, akauzwa.

Akashindwa tena mwaka 1845 alipomtetea mtumwa mwingine, Samuel Watson. Akashindwa tena mwaka 1847, safari hii mbele ya Mahakama ya Juu yenyewe, na majaji wote kwa kauli moja. Mteja wake hapo alikuwa John Van Zandt, mkulima mzee aliyewahi kumiliki watumwa Kentucky kabla dhamiri haijamsumbua. Mwaka 1842 alikutwa na gari lake la farasi limebeba watu 9 waliokuwa wamevuka mto. Mmoja aliponyoka, na mwenye watumwa akamdai Van Zandt fidia. Chase na wakili mwenzake William Seward waliandika hoja ndefu. Ya Chase peke yake ilizidi kurasa 100. Majaji hawakutikisika.

Watu wa Kentucky walimbandika jina la kejeli: mwanasheria mkuu wa watumwa watoro. Yeye alilivaa kama nishani. Na mwezi Mei 1845 watu weusi wa Cincinnati walichanga wakamnunulia jagi la fedha, fedha ya madini nasema, wakamkabidhi hadharani kwa kumtetea Watson. Alipewa zawadi kwa kesi aliyoshindwa. Wewe unayeanza sheria litafakari hilo. Chase alizichapisha hoja zake na kuzisambaza, na hoja iliyokataliwa na majaji ikahamia kwenye majukwaa ya siasa: kwamba uhuru ni wa taifa zima, utumwa ni wa mahali tu. Miaka michache baadaye ndiyo iliyokuwa msingi wa chama kipya cha Republican.

Kwa hiyo shika hili kabla hatujaenda mbele. Swali lake la kitaalamu, tangu Matilda, lilikuwa moja: Bunge limepewa wapi mamlaka ya kufanya hili?

Siasa zake nitazipitia haraka, maana kama unatafuta ukigeugeu, hapa ndipo ulipo wa kutosha. Alianza na chama cha Whig, akahamia Liberty Party, kisha Free Soil, vyama vidogo viwili vya kupinga utumwa. Mwaka 1849 alipata kiti cha Seneti kwa mapatano ambayo wengi Ohio hawakuyasahau: wabunge wachache wa Free Soil walishika mizani katika bunge la jimbo, wakawapa watu wa chama cha Democrats nafasi walizozitaka, na Democrats nao wakampa Chase useneta, pamoja na kufuta sehemu kubwa ya zile sheria za kibaguzi zilizowabana watu weusi wa Ohio. Ukiuliza kama ilikuwa tamaa au manufaa ya watu, jibu langu ni vyote viwili kwa mpigo. Chase alikuwa hodari sana wa kuikuta haki na cheo chake vimekaa kiti kimoja. Baadaye alikuwa gavana wa Ohio kwa tiketi ya Republican, na mwaka 1860 akautaka urais. Mkutano wa chama huko Chicago ulimpa kura 49 tu raundi ya kwanza, na aliyeshinda mwishowe ni Abraham Lincoln.

Seneta mwenzake wa Ohio, Ben Wade, alimweleza vizuri kuliko wote: Chase ni mtu mwema, lakini teolojia yake ina kasoro, maana anadhani katika Utatu Mtakatifu yuko na mtu wa nne.

Lincoln alimfanya Waziri wa Fedha mwaka 1861, na vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini na majimbo ya watumwa ya Kusini, vikaanza hata kiti hakijapata joto. Hapa ndipo noti zinapoingia, basi tuende polepole.

Wakati huo serikali ya Marekani haikuwa na noti yake kama tunavyozijua noti leo. Fedha ya kweli ilikuwa sarafu za dhahabu na za fedha. Noti zilizozunguka zilikuwa za mabenki binafsi, na kila moja ni ahadi tu: njoo dirishani, utapewa sarafu. Vita vilipokuwa vinakula zaidi ya dola milioni moja kwa siku, dhahabu ilianza kukauka, na mwisho wa Desemba 1861 mabenki yakaacha kulipa sarafu. Serikali nayo ikaacha. Askari wanadai mishahara, wauza nyama na viatu wanadai, hazina tupu.

Bungeni kukatoka pendekezo: serikali ichapishe noti zake na sheria iseme ni fedha halali kwa malipo ya madeni yote, ya umma na ya watu binafsi. Maana yake ukimdai mtu dola 100 akakuletea karatasi hizo, huwezi kukataa. Chase hakulipenda jambo hili. Mwezi Januari 1862 aliiandikia kamati ya Bunge kwamba anachukia sana kitu chochote kisicho sarafu kufanywa fedha halali, lakini hali imekuwa ya lazima. Sheria ikatiwa saini tarehe 25 Februari 1862, dola milioni 150 kwa kuanzia, na kabla vita havijaisha kibali kilikuwa kimefika milioni 450. Nyuma zilichapwa kwa wino wa kijani, ndiyo maana watu wakaziita migongo ya kijani. Lincoln aliwekwa kwenye noti ya dola 10. Chase akaonekana kwenye ya dola 1, ile inayopita kila mkono sokoni, na ambaye hakuliona hapo jicho la mgombea urais ajaye basi hakumjua Chase.

Tumpe haki yake. Pamoja na Jay Cooke, mfanyabiashara wa Philadelphia, aliuza hati fungani za serikali kwa watu wa kawaida hadi vijijini, na akausimamisha mfumo wa benki za kitaifa kwa sheria za mwaka 1863 na 1864. Jeshi lililipwa. Lakini noti ziliteremka thamani kadiri habari za vita zilivyokuwa mbaya, na kiangazi cha 1864 dola ya karatasi ilinunua chini ya senti 40 za dhahabu.

Kiangazi hicho hicho Lincoln alimchoka. Chase alikuwa na tabia ya kuandika barua ya kujiuzulu kila akikerwa, akitegemea kubembelezwa, na mapema mwaka ule marafiki zake walikuwa wamesambaza waraka wa siri wa kumtaka yeye awe mgombea badala ya bosi wake. Tarehe 29 Juni barua nyingine ikaja, na Lincoln, safari hii, akaikubali kesho yake.

Miezi michache baadaye Jaji Mkuu Roger Taney akafariki. Lincoln akamteua Chase, na Seneti ikamthibitisha siku ile ile, 6 Desemba 1864. Kwa nini yeye? George Boutwell, mwanasiasa wa Republican, alisimulia maelezo ya Lincoln: tunahitaji Jaji Mkuu atakayetetea yaliyofanyika kuhusu kuwaacha huru watumwa na kuhusu noti. Hatuwezi kumwuliza mtu atahukumu vipi, na akitujibu tutamdharau. Basi tumchukue mtu ambaye msimamo wake unajulikana.

Upande wa watumwa Lincoln hakukosea. Tarehe 1 Februari 1865, siku moja baada ya Bunge kupitisha marekebisho ya 13 ya Katiba, yale ya kufuta utumwa, Chase alimpokea John Rock kuwa wakili wa kwanza mweusi kuruhusiwa kusimama mbele ya Mahakama ya Juu. Mahakama ile ile ambayo chini ya Taney, mwaka 1857, ilikuwa imesema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Na mwaka 1867, akisikiliza shauri Maryland, alimtoa binti mdogo Elizabeth Turner kwenye mkataba wa "uanagenzi" ambao kwa kweli ulikuwa utumwa uliobadilishiwa jina.

Upande wa noti, sikiliza kesi yenyewe.

Tarehe 20 Juni 1860, kabla ya vita, mama mmoja wa Kentucky aitwaye Hepburn aliandika hati ya kumlipa Henry Griswold dola 11,250 ifikapo 20 Februari 1862. Siku ikafika, hakulipa. Siku 5 baadaye ikaja sheria ya noti. Griswold alipomshitaki mwaka 1864, Hepburn alileta noti za kijani kwa thamani iliyoandikwa. Griswold akakataa: mimi nilikopesha wakati dola ni dhahabu, nilipwe dhahabu. Kwa bei ya ile siku mbaya kuliko zote za mwaka ule, rundo lake la noti lisingenunua hata dhahabu ya dola 4,500. Unaona machungu ya mkopeshaji. Mgeukie na mkopaji pia, ambaye sheria ya nchi inamwambia karatasi hii ni dola.

Hukumu ya Chase ilisema sheria ile haiwezi kurudi nyuma kuyashika madeni yaliyofungwa kabla yake. Hapa ndipo mwenzenu alipoteleza: Chase hakuzifuta noti zote sokoni siku ile, alizungumzia madeni ya kabla ya 25 Februari 1862. Lakini sababu alizotoa zilikwenda mbali kuliko hapo, na kila mtu aliliona hilo. Alisema mamlaka ya kuchapa noti ni kitu kimoja, na kumlazimisha mtu binafsi azipokee ni kingine, na hicho cha pili Katiba haikukitoa. Kisha akaandika kwamba katikati ya ghasia za vita haikuwa ajabu watu kukubali mambo ambayo, amani iliporudi, wameyafikiria upya. Neno "mimi" halimo.

Kura zilikuwa 4 kwa 3. Zilikuwa 5 walipokubaliana faraghani, ila jaji mzee Grier, aliyekuwa amechoka mpaka wenzake wakamwomba apumzike, alikuwa ameshaondoka siku chache kabla hukumu haijasomwa. Na siku ile ile ya hukumu Rais Grant alipeleka Seneti majina ya majaji wapya 2, William Strong na Joseph Bradley. Tarehe 1 Mei 1871 mahakama ikabadili msimamo kwa kura 5 kwa 4, wale wawili wakiwa upande wa noti. Hukumu ya Chase iliishi miezi kama 15 tu.

Safari hii, katika maoni yake ya kupinga, ndipo alipokiri wazi. Mawakili na majaji wenzake walikuwa wamemkumbusha barua zake za uwaziri. Akajibu, akijitaja kama mtu wa pembeni, "Jaji Mkuu", kwamba alipokuwa waziri aliamini kipengele kile ni cha lazima, kwamba baada ya kutafakari katika hali tulivu ameona alikosea, na kwamba hasiti kulisema.

Alipaswa kujitoa? Kwa kanuni mnazofundishwa ninyi leo, bila shaka. Kwa desturi ya mahakama ile, hakuna aliyetarajia. John Marshall, Jaji Mkuu wa enzi za mwanzo, aliamua shauri la Marbury mwaka 1803 wakati hati iliyokuwa inagombewa ni yeye mwenyewe, kama Waziri wa Mambo ya Nje, aliyepaswa kuifikisha na haikufika. Hukumu hiyo mnaikariri vyuoni kama Baba Yetu. Kwa hiyo mkitaka kumtumia Chase kama mfano wa kujitoa, mchukueni na Marshall pamoja. Tena angalia tofauti: jaji tunayemwogopa kwa kawaida ni yule atakayetetea kazi ya mikono yake. Chase aliivunja.

Kigeugeu? Mimi sisemi hivyo kwa kesi hii. Mtu wa mwaka 1870 alikuwa anauliza swali la wakili wa 1837, Bunge limepewa wapi mamlaka haya, na mwaka 1862 ndio ulioachana na njia yake, chini ya mzinga wa vita. Lakini siwezi kumsafisha kabisa. Mwaka 1868, akiwa Jaji Mkuu, ametoka kusimamia kesi ya Seneti ya kumwondoa Rais Andrew Johnson, iliyokosa kura 1 tu kufaulu, alijaribu kuupata ugombea urais kupitia Democrats, chama alichopambana nacho nusu ya maisha yake, huku binti yake Kate akiwa New York kumtafutia kura. Ugombea wakampa Horatio Seymour. Mtu aliyefanya hivyo akija miaka miwili baadaye kutoa hukumu yenye kuwafurahisha wapenda dhahabu wa chama hicho hicho, nani atamwamini kwamba ni Katiba tu iliyomsukuma? Hiyo ndiyo gharama aliyolipa kwa tamaa yake: hata aliposema kweli, watu walitafuta kilichofichwa nyuma.

Alipata kiharusi mwaka 1870, akarudi kazini akiwa amekonda. Aprili 1873 Mahakama iliamua kwamba jimbo la Illinois lilikuwa na haki ya kumnyima Myra Bradwell leseni ya uwakili kwa sababu ni mwanamke. Majaji 8 walikubali. Aliyepinga ni Chase peke yake, akiwa dhaifu kiasi cha kushindwa kuandika sababu. Rekodi ina upinzani wake tu, bila maelezo. Alifariki New York tarehe 7 Mei, wiki 3 baadaye.

Kuhusu benki, si yake. Chase National Bank ilianzishwa New York mwaka 1877, yeye akiwa kaburini miaka 4, na mwanzilishi wake John Thompson aliiita hivyo kwa heshima ya yule waziri wa benki za kitaifa. Jina hilo limo hadi leo ndani ya JPMorgan Chase. Na kama mwenzenu anataka kuwamaliza kabisa hosteli, awaambie pia kwamba serikali ilimrudisha kwenye karatasi: noti ya dola 10,000 ya toleo la 1928 ina sura ya Chase.